Mrushaji mkongwe na ligi mpya

Swali: Kwa nini mrushaji mkongwe wa besiboli akihama timu na ligi huweza kung'ara kuliko alikotoka?

Jibu: Mtazame Roger Clemens. Mwaka 2003, akiwa Yankees ya New York, wastani wake wa pointi za kufungwa ulikuwa 3.91. Mwaka 2004 akahamia Houston, ukashuka hadi 2.98, akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, akiwa na miaka 42. Si kwamba mkono ulirudia ujana. Timu ya Houston ilikuwa katika Ligi ya Taifa, ambako enzi hizo mrushaji wa wapinzani alishika gongo mwenyewe, na warushaji wengi walikuwa wapigaji dhaifu! Ligi ya Marekani, ya Yankees, ilimwekea mrushaji mpigaji maalumu wa kupiga badala yake. Tena wapigaji wengi wa Ligi ya Taifa hawakuwa wameizoea mirusho yake. Tangu 2022 ligi zote mbili zinatumia mpigaji maalumu.