Mihogo ya Aliyetangulia: Mafunzo Niliyopata katika Nyumba za Kanisa

Kamina, kwetu Katanga nchini Kongo, ni mji wa njia panda. Reli inayopanda kutoka Lubumbashi hugawanyika hapa. Tawi moja laelekea Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, ambako lilifika mwaka 1928. Jingine, lililofunguliwa mwaka 1956, laenda Kabongo na Kabalo. Aliyekulia hapa hamshangai mtu mwenye mizigo. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa mizigo sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa kuwa niliolewa na mchungaji wa Kimetodisti.

Kwetu Wametodisti, mchungaji hachagui kanisa, wala kanisa halimchagui mchungaji. Desturi hiyo ina mizizi Uingereza katika karne ya 18, John Wesley alipowatuma wahubiri wake wakizunguka kwa farasi, na huku Katanga Kaskazini bado tunaishika. Konferensi ya mwaka ikikaribia kufungwa, askofu husoma majina na vituo. Kesho yake watu wanatafuta kamba za kufungia vyombo. Hivyo ndivyo tulivyofika Kabongo, Bukama, Mulongo na vijiji ambavyo havimo kwenye ramani nyingi.

Vijana wanaotaka kumtumikia Mungu safarini huniuliza wajiandae vipi. Jibu langu fupi ni hili: mtu wa kuhamahama asaidie kwa namna ambayo siku akiondoka, msaada wenyewe hauondoki naye. Jibu refu ni mafunzo haya.

1. Punguza mzigo, ila ujue kisichoachwa

Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwakataza mkoba na viatu. Aliyesukuma kinga yenye mzigo kwenye mchanga wa barabara zetu hahitaji kufafanuliwa agizo hilo. Kinga, yaani baiskeli, ikishapakiwa haipandwi tena. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani ili mtu aongoze gurudumu la mbele akitembea pembeni. Nyingine husimamishwa nyuma ya kiti, ya kusukumia. Magunia huning'inia pande mbili, godoro hulala juu. Kila kilo unayoiongeza utailipia kwenye mwinuko. Na masika, ukifika kwenye kijito ambacho daraja lake limebaki gogo moja, mzigo wote unashushwa, unavushwa kichwani, kisha unafungwa upya ng'ambo.

Basi kila uhamisho ulituondolea kitu: kabati, viti, vitabu ambavyo mume wangu alikuwa akiahidi kuvisoma. Kitu kimoja sikukiacha kamwe, nacho ni kichwa cha cherehani. Meza yake hubaki, kwa sababu seremala wa kijiji chochote aweza kuunda nyingine. Kichwa nilikizungushia blanketi, nikakibeba mwenyewe. Mfungasha mizigo mzuri ni yule anayejua ni kazi gani atafanya kesho yake.

2. Kubali kuhudumiwa kwanza

Katika sura hiyohiyo Yesu aliwaambia wajumbe wake wale watakachoandaliwa, wala wasihame nyumba hadi nyumba. Tunaifikiria sana sehemu ya kuhubiri na kuponya, hii ya kula tunaipita haraka. Lakini mwanamke wa kijijini anayekuletea bukari, yaani ugali, la moto na samaki wadogo wa ziwa Upemba, huku watoto wake wakichungulia mlangoni, anafanya jambo zito. Anakupa nafasi katika kijiji chake. Ukisema umeshiba, au ukianza kufungua masanduku ya misaada kabla hujanawa mikono, umemwambia kwamba mtoaji ni mmoja tu hapa, naye ni wewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninauamini msemo huo, ila nimeona kwamba mwenyeji hupona pale anapoachwa awe mwenyeji kwelikweli. Nikifika mahali, siku za kwanza ninakaa kwenye kibao, ninakula, ninauliza majina ya watu na ya mito, na ninashukuru kwa Kiluba, wafwako, hata kama mazungumzo yanayofuata yataenda kwa Kiswahili. Baada ya hapo ndipo watu huniambia shida zao wenyewe, tena kwa mpangilio wao. Mara nyingi shida ya kwanza katika orodha yao haimo kabisa katika orodha niliyokuja nayo.

3. Siku ya tatu, shika jembe

Kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo, Didakhe, kilichoyaelekeza makanisa namna ya kuwapokea wahubiri wapitao. Mjumbe apokewe kama Bwana mwenyewe, alale siku moja, ikilazimu mbili. Akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Anayetaka kuishi nao na ana ufundi, afanye kazi ale. Mswahili atacheka kwa kuwa anaijua sheria hiyo tangu utotoni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Paulo aliishi hivyo. Kule Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Priskila, watu waliofukuzwa Roma kwa amri ya Klaudio. Hapo ndipo cherehani yangu ilipoingia. Mchungaji wa kijijini hulipwa kwa sadaka, na sadaka ya mkulima huja kwa msimu. Nikishona sare za shule na mavazi ya akina mama wa Kipendano, umoja wa wanawake wa kanisa letu, tulikula bila kumlemea mtu. Kisha wasichana walianza kuja kutazama. Anayetazama wiki nzima humpi hotuba juu ya kujitegemea. Unampa kitambaa chakavu na kumwonyesha namna ya kutunga uzi.

4. Panda hata kile usichokula

Hili ndilo funzo ninalolipenda kuliko yote, na limo katika barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, sura ya 29: wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie heri mji walimohamishiwa. Ni neno gumu kwa mtu ambaye moyoni amekwisha kufunga mizigo.

Muhogo hauna haraka. Sombe, yaani majani yake, huanza kuchumwa baada ya miezi michache, lakini mizizi yenyewe hutaka mwaka au zaidi, na ile michungu ikishang'olewa bado hulowekwa siku kadhaa, ikakaushwa, ikatwangwa, ndipo upate unga. Uhamisho haungoji hayo yote. Kuna shamba nililolipanda nyuma ya nyumba ya kanisa, nikalipalilia, nikaliacha likiwa limefika kiunoni. Kituo kilichofuata nilikuta shamba la mihogo iliyokomaa, imepandwa na mama ambaye sikuwahi kuonana naye. Mwaka ule ulikuwa wa njaa, nasi tulikula jasho lake.

Tangu hapo nikaijua sheria ya nyumba zetu, ambayo haijaandikwa popote: unakula alichopanda aliyetangulia, unapanda atakachokula anayekuja. Niliifikia nyumba moja ambayo walioondoka waling'oa kila kitu, hata mipapai waliikata. Naelewa hasira inayomfanya mtu afanye hivyo. Wengine huhamishwa bila kupenda. Lakini jirani anayepita pale husoma imani yako kwenye ule uwanja mtupu upesi kuliko alivyoisikia kanisani.

5. Mwachie mwenyeji ufunguo mapema

Mkoa wetu una ushuhuda mkubwa juu ya jambo hili, nao hautoki kwa Wametodisti. Mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, upande wa Malemba-Nkulu, wakaanzisha kazi ya Kipentekoste ambayo baadaye ikaitwa Congo Evangelistic Mission. Vitabu huanzia kwao. Lakini walioisukuma Injili kutoka kijiji hadi kijiji walikuwa Waluba wenyewe, wakiwemo watu waliokuwa wamechukuliwa utumwani Angola, wakamjua Kristo huko, na walipopata uhuru wakarudi nyumbani kwa miguu. Hao walikuwa wasafiri kuliko wamisionari: walitembea safari ya pingu, kisha wakaitembea tena wakiwa huru, na badala ya kurudi na kisasi walirudi na habari njema.

Baada ya uhuru wa Kongo wa Juni 1960 vurugu zilienea Katanga. Wamisionari wawili wa misheni ile waliuawa mwaka huohuo, na wengine wakalazimika kuondoka. Kama makanisa yangekuwa yamesimama juu ya wageni, yangekufa. Hayakufa. Yaliendelea mikononi mwa wachungaji wa Kiluba, Jonathan Ilunga akiwa kiongozi wao, yakazidi kuongezeka.

Kwa kadiri yangu ndogo, nimelifuata somo hilo katika Kipendano. Kitabu cha michango, ufunguo wa sanduku na zamu ya kuwatembelea wagonjwa havikai kwa mke wa mchungaji. Nikifika na kukabidhiwa vitu hivyo kutoka kwa mtangulizi wangu, naanza kuvitoa mikononi mwangu mwezi wa kwanza, maana mwezi wa mwisho huwa una vilio na haraka, na kinachokabidhiwa kwa haraka hupotea.

6. Wapo wasiosafiri kwa kupenda. Uwapokee pamoja na waliowapokea

Safari yangu ina baraka ya askofu na barua ya kituo. Wengi waliopita Kamina hawakuwa na hayo. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni za kuwarudisha kwenye ardhi ambako wengi wao hawakuzaliwa. Treni hizo zilipita hapa. Kisha ikaja vita ya 1998, na watu wakafika kutoka kaskazini na mashariki mwa mkoa wa zamani wa Katanga, miguu imevimba. Mwaka 2004 Kamina ilikuwa na mkutano wa amani uliowakalisha pamoja viongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai, machifu na wakuu wa serikali, na askofu wetu wa wakati ule, Ntambo Nkulu Ntanda, alikuwa miongoni mwa wapatanishi. Lakini kabla ya mkutano wowote kulikuwa na masufuria.

Nilichokiona wakati huo ndicho ninachowaeleza watoa misaada. Mkimbizi wa kwetu mara nyingi hakai kambini, bali kwa ndugu, kwa mtu wa kabila lake au kwa muumini mwenzake. Nyumba ya watu saba inakuwa ya kumi na tano. Unga wa mwezi unaisha katika wiki mbili, choo kinajaa, na mwenye nyumba anaanza kukaa kimya mezani. Halafu lori linakuja, linasoma orodha ya wageni peke yao, na mwenyeji anasimama pembeni kutazama sabuni na chumvi zikigawiwa uani mwake. Ugomvi hauchelewi. Ukitaka kumsaidia mgeni, mpe na aliyemlaza. Tulipogawa kwa kuhesabu majiko, jiko la mwenyeji likiwemo, wageni walikaa muda mrefu zaidi bila kusemwa.

7. Watoto wasilipe nadhiri yako

Mungu alituita mimi na mume wangu. Watoto waliitwa pamoja nasi bila kuulizwa. Kuhama katikati ya mwaka wa shule humrudisha mtoto nyuma, na huwezi kuifunika hasara hiyo kwa maneno ya kiroho. Kwa hiyo wakubwa wetu walibaki Kamina kwa bibi yao, sisi tukatangulia. Wapo waliotulaumu kwamba tumegawa familia. Niliwajibu kuwa Abrahamu alihama na nyumba yake nzima, wachungaji na mifugo, ila hakuwa na mtihani wa taifa mwezi wa sita.

8. Jifunze kuaga

Kuondoka ni sehemu ya huduma, nayo ina kazi zake. Lipa deni la duka, hata la kiberiti. Rudisha sufuria uliyoazima. Pita kwa yule mliyekwaruzana naye, usimwachie mume au mke wako akusemee. Mwandikie anayekuja ukurasa mmoja: kisima kipi hukauka, mgonjwa yupi hana mtu, nani anajua kutengeneza cherehani. Usimwandikie nani ni mbaya. Hilo ataligundua mwenyewe, na huenda akaona tofauti na wewe.

Kisha nyamaza kwa muda. Simu zitakuja, maana siku hizi mtandao umefika hata kandokando ya mto Lualaba, na mtu atataka uamue nani ashike sanduku. Msalimie, uulize hali ya watoto, umwambie amwendee mama aliyepo. Akikasirika na kukata simu, vumilia, na uende kupalilia shamba ulilolikuta.