Usinunue Kidonge Kabla Hujasema

Kijitabu cha elimu ya afya kwa wanawake wa Lupingu na mwambao wa Ziwa Nyasa

Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu malalamiko yamezidi. Akina mama wanasema kila wakienda kutibiwa wanapewa dawa zilezile na hawaponi. Wauguzi nao wanasema wagonjwa wanataja kichwa na kiuno, lakini yaliyowapata hawayataji. Tumesikiliza pande zote mbili, na kwa kweli zote zina makosa. Kosa linalotutia hofu kuliko yote, hata hivyo, hufanyika dukani, kabla mtu hajaonana na muuguzi.

Tazama daftari la matibabu, lile la shule, jalada limekunjamana kwa kubebwa kwenye kanga. (Hili ni la mfano, si la mtu yeyote.) Februari: kichwa, diklofenaki. Machi: kiuno, diklofenaki. Mei: tumbo linawaka, dawa ya vidonda vya tumbo. Julai: presha 160/100. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Januari mtumbwi wa mume wake ulipinduka, maiti ikapatikana siku ya tatu, na shemeji zake sasa wanaulizia shamba la mihogo. Kati ya kurasa hizo amenunua vidonge mwenyewe, viwili viwili, mara nyingi kuliko anavyokumbuka.

USINUNUE KIDONGE KABLA HUJASEMA. Tutalirudia.

Mwili unafanya nini

Ukiwa majini na ziwa likachafuka ghafla, moyo hudunda, mdomo hukauka, tumbo hukaza. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini, na nyuma yake homoni iitwayo kotisoli. Sukari hupanda kwenye damu, presha hupanda, misuli ya shingo na mgongo hukakamaa ili upate nguvu ya kupiga kasia. Hayo yote ni mema. Ukifika ufukweni, mwili hutulia.

Lakini mjane anayekesha akiwaza shamba hafiki ufukweni. Mke anayesikiliza vishindo vya mumewe mlangoni, apime amerudi akiwa katika hali gani, hafiki ufukweni. Binti aliyeingiliwa kwa nguvu akiwa mdogo, akanyamaza, anaweza kuwa majini miaka 20. Huo ndio msongo. Misuli isiyolegea huleta maumivu ya kichwa, shingo na kiuno. Presha huzoea kukaa juu. Usingizi hukatika saa nane za usiku. Vidonda huchelewa kupona, kwa kuwa kotisoli ikikaa juu muda mrefu hupunguza nguvu ya kinga.

Kwa mwanamke kuna la ziada. Sehemu ya ubongo inayoziamuru tezi hizo ndiyo pia inayopanga hedhi. Ndiyo maana siku huruka au huja na maumivu makali baada ya msiba au kipigo. Pima mimba kwanza, ndipo uulize mengine; wa kukuroga usimtafute. Kwa wajawazito, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2013 kuwa wanaofanyiwa ukatili na wenza wao wana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 16, wa kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu.

Asidhani mtu haya ni ya mbali. Utafiti wa shirika hilohilo uliochapishwa mwaka 2005 ulifika kwa majirani zetu wa Mbeya. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 56 walikuwa wamepigwa au kulazimishwa kingono na mwenza huyo. Na mkoa wetu wa Njombe ndio ulioongoza nchini kwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima, asilimia 12.7, katika utafiti wa kitaifa wa 2022/2023. Msongo ukizaa sonona, mwenye virusi husahau dawa za kuvifubaza, au huziona hazina maana. Huko nako msongo unaua, ingawa cheti cha kifo hakitauandika.

Kidonge kinafanya nini

Diklofenaki, ambayo wengi huiita diklopa, hutuliza maumivu kwa saa chache. Ikitumika siku nyingi hukwangua utando wa tumbo, hupandisha presha na huumiza figo. Kwa mjamzito, hasa miezi ya mwisho, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Basi dawa ya maumivu ya kichwa yaliyotokana na huzuni inazaa vidonda vya tumbo, na inaipandisha presha ambayo huzuni ilikwisha kuipandisha. Usinunue kidonge kabla hujasema. Dawa ya presha uliyoandikiwa ni jambo jingine: hiyo usiiache.

Hatusemi unajidekeza. Maumivu ni ya kweli na kipimo cha presha hakidanganyi. Tunachotaka ni sentensi moja mbele ya muuguzi: "Kichwa kinaniuma tangu mume wangu afe." Au: "Kiuno kilianza nilipoanza kupigwa." Omba mlango ufungwe. Mkwe au mume aliyekusindikiza asubiri nje. Muuguzi atapima presha, damu, malaria na mimba, atauliza usingizi na mawazo, na ikibidi atakupa rufaa ya kupanda hospitali ya Ludewa. Muuguzi asiyeuliza lililotokea naye hajamaliza kazi yake. Tumewaambia hivyo bila kuficha.

Kama limetokea jana

Aliyebakwa asikae nyumbani kumeza vidonge vya maumivu. Dawa ya kuzuia VVU ianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na inywewe siku 28. Dawa ya kuzuia mimba ina hadi siku tano, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Usioge, usifue nguo. Zibebe kwenye mfuko wa karatasi au uzifunge kwenye kanga. Usingoje kikao cha ukoo. Usingoje boti ya kesho kama leo kuna pikipiki. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayaingoji: tibiwa kwanza, fomu itafuata. Saa 72, mama. Kutoka ziwani hadi Ludewa ni mlima, na saa hazisimami njiani.

Kuhusu nani anatibiwa bure, bima na barua ya mtendaji, utaratibu upo; uliza dirishani.

Duka la dawa lipo karibu kuliko zahanati, tunajua. Pita, usisimame. Njoo na daftari lako, hata kama limechanika.