Kupima Joto la Vifaranga Wakati wa Baridi

Katika miteremko ya Mlima Meru, kama huko Nkoaranga, baridi ya Juni na Julai yaweza kuua vifaranga. Kifaranga mchanga hawezi kudhibiti joto la mwili wake. Hutegemea taa au jiko. Juma la kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi. Kisha joto hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila juma, hadi 21.

Kipimajoto kitundikwe usawa wa mgongo wa kifaranga. Hewa ya moto hupanda. Kikiwekwa juu, kitaonyesha joto lisilowafikia vifaranga. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi; wakitawanyika kandoni huku wakitweta, joto limezidi. Jiko la mkaa lisitumiwe pasipo matundu ya hewa: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua.

Zoezi: Pima joto jioni, usiku wa manane na alfajiri. Chora grafu. Ni saa ipi yenye hatari zaidi, na kwa nini?