Cheti cha Jina la Biashara Hakikukingi na Deni

Una kibanda cha chipsi Umoja au kinyozi Kayole na unataka jina rasmi? Ingia eCitizen, upande wa BRS, ukiwa na kitambulisho na PIN ya KRA. Andika majina kadhaa, maana lile unalolipenda huenda lishachukuliwa.

Lakini kumbuka: kisheria, wewe na biashara ya mtu mmoja ni kitu kimoja. Biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe, na mali yako binafsi inaweza kuuzwa. Kwa hivyo tenga pesa mapema. Wateja walipe kwa Till, wewe ujilipe kiasi fulani kila wiki, na pesa ya stoku isiguswe.

Pia, cheti si leseni. Kanjo akija, ataitisha kibali cha kaunti.