Ramadhani, Siku ya 4: Mama yake Musa



Jana baada ya tarawehe mzee mmoja aliniuliza: "Shehe, mtu akimtegemea Mwenyezi Mungu kikweli, moyo bado unamuuma?" Nilimjibu haraka haraka, na jibu lile halikuniridhisha. Leo nalirudia.

Fungua Suratul Qasas, aya ya 7 hadi ya 13. Mama yake Nabii Musa (a.s.) anaamrishwa amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia, amtie mtoni. Anaambiwa asiogope wala asihuzunike, atarudishiwa. Ahadi ya Mola wake mwenyewe! Na bado aya ya 10 inatueleza kuwa moyo wake ulibaki mtupu, karibu atoe siri, lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu. Hakukemewa kwa hilo. Kisha akamtuma dada yake Musa amfuatilie, na binti akawa anamwangalia kwa mbali. Alimwachia mtoto, lakini hakuacha kumwangalia.

Nami nisiwafiche. Kijana wangu ameanza kwenda ziwani kuvua dagaa. Mwaka mzima nilimkatalia, nikasema ni malezi, kumbe ni woga wangu tu. Mwezi uliopita nikampa radhi zangu. Sasa kabla ya daku nashuka ufukweni hapa Ujiji, natazama taa za wavuvi. Zote zinafanana, sijui yake ni ipi. Upepo ukivuma nasoma kila dua ninayoijua. Mimi huyu huyu ninayewasomesha tawakkul!

Mama yake Musa aliahidiwa kwamba mwanawe atarudi. Sisi hatukuahidiwa. Wapo humu ambao watu wao walikwenda ziwani na hawakurudi; tafadhali msiwaambie "acha kulia, ni kadari." Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, Swahaba akashangaa, naye akamjibu kuwa machozi yale ni rehema.

Na wewe baba uliyempandisha kijana treni ya kwenda Dar, mpigie simu mara moja kwa siku. Mara kumi ni kumvuta arudi.

Leo baada ya tarawehe tutawaombea walioko ziwani. Mwenye mtu wake alete jina. Mwezi bado mchanga, usiku ni giza, na dagaa hufuata taa gizani. Mbalamwezi ikija wavuvi watapumzika, na wangu atafuturu nyumbani, inshaallah.