Herufi Moja Inayochochea Saratani ya Ini

Lichukue neno "jungu". Badilisha herufi ya kwanza na utapata "rungu": chombo cha kupikia kimekuwa silaha. Katika baadhi ya saratani za ini, mabadiliko ya namna hiyo hutokea ndani ya chembe za mwili.

Maagizo ya kuunda protini yamehifadhiwa katika DNA, ndani ya kiini cha chembe. Chembe hunakili sehemu inayohitajika, na nakala hiyo huitwa RNA. Herufi zake husomwa tatu tatu, na kila tatu huleta asidi moja ya amino, hadi mnyororo wa protini ukamilike.

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kuunda protini, lakini aina za protini zenyewe ni nyingi kuliko hizo. Sababu mojawapo ni kwamba nakala huweza kuhaririwa kabla ya kusomwa. Kimeng'enya kiitwacho ADAR huigeuza herufi A kuwa inosini, nayo chembe huisoma kama G. DNA yenyewe haiguswi. Kazi hii ni ya kawaida, na ubongo hauwezi kufanya kazi vyema bila hiyo.

Hatari huja uhariri unapozidi. Mwaka wa 2013, Leilei Chen na wenzake walieleza katika jarida la Nature Medicine kuhusu protini iitwayo AZIN1. Katika uvimbe wa saratani ya ini, nakala zake zilihaririwa kupita kiasi, hata asidi ya amino ya 367, serini, ikawa glisini. Protini hiyo mpya huinasa kwa nguvu zaidi protini nyingine, antizaimu, ambayo ni kama breki ya ukuaji. Breki ikikosa kufanya kazi, chembe huzaana ovyo.

Kwa hiyo, kipimo kinachosoma DNA peke yake hakiwezi kuona kosa hili. Ni lazima RNA nayo isomwe.

Je, wewe ufanyeje? Hakuna dawa ya dukani ya kuzuia uhariri huo, lakini unaweza kulikinga ini lako. Virusi vya hepatitisi B ni chanzo kikuu cha saratani hii, na chanjo ipo: Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka wa 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, mwulize daktari wako. Kausha mahindi vyema, usile yaliyoota ukungu kwani huenda yana sumu ya aflatoksini, na ujiepushe na pombe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.