Jipu la Njia ya Mkojo: Kijitabu kwa Familia za Bujumbura

Kijitabu hiki ni cha kusomwa nyumbani, si cha kufungiwa sandukuni. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Baba, mama na vijana wote kinawahusu.

JIPU HILI NI LIPI

Ni usaha unaojikusanya pembeni ya mrija unaotoa mkojo nje. Kwa mwanaume uvimbe hutokea upande wa chini wa uume, kwenye mfuko wa korodani, au kwenye msamba, yaani kati ya korodani na sehemu ya haja kubwa. Kwa mwanamke hutokea mbele ya uke, karibu na tundu la mkojo. Huuma, huwa na joto, na mara nyingi huja na homa.

LINAANZIA WAPI

Kwa wanaume wengi tunaowapokea, lilianza na kisonono kisichotibiwa vizuri. Mkojo uliunguza, usaha ukatoka, mtu akaenda kununua vidonge. Usaha ukakauka, akadhani amepona. Ugonjwa ulibaki ndani, njia ya mkojo ikasinyaa polepole, mkojo ukaanza kutoka kwa shida, na siku moja jipu likavimba.

Kwa hiyo neno la kwanza la kijitabu hiki ni hili: UKIONA USAHA, NENDA UKAPIMWE. USINUNUE VIDONGE.

Anayetufikia ni kijana wa gereji Buyenzi, au dereva wa lori aliyerudi kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kobero. Suruali haivaliki tena, amejifunga kikoi. Anatembea miguu imeachana, na kwenye benchi anakalia upande mmoja. Tukimuuliza ametumia dawa gani, anatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa, ndani mna vidonge vitatu vya rangi mbili vilivyobaki. Jina la dawa halijui. Aliyemuuzia hakumuuliza kitu. Tangu alipoanza kuumwa miezi imepita, na siku zote hizo kituo cha afya kilikuwa mtaani kwake.

Vidonge hivyo vya kuokoteza vina ubaya wa namna tatu. Kwanza, kisonono cha siku hizi kimezizoea dawa nyingi za zamani. Penisilini na tetrasaiklini hazikitishi tena, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya uliotaka hata dawa za jamii ya siprofloksasini ziachwe katika kutibu ugonjwa huu. Pili, dawa nusu hukausha usaha bila kumaliza ugonjwa, na mtu huwa hana habari. Tatu, ukimeza peke yako, mwenzako anabaki nao, na mkikutana tena anakurudishia.

Kituoni mambo ni mafupi. Utaulizwa, utapimwa, mara nyingi utachomwa sindano na kupewa vidonge vya kumeza mpaka viishe. Mlete na mwenzako. Ukiwa na wake wawili, walete wote wawili. Kubali pia kupimwa virusi vya SIDA. Ukiona haya kuvuliwa mbele ya muuguzi mwanamke, omba mwanaume. Hakuna atakayekasirika.

Ndugu, nasema tena: ukiona usaha, nenda ukapimwe, usinunue vidonge. Si vya dukani, si vya sokoni Ruvumera, si vilivyobaki kwa jirani.

SI KILA JIPU LINATOKA KWA ZINAA

Akina mama, someni hapa kabla ya kumlaumu mtu. Jipu hili humpata pia mzee aliyewekewa mpira wa mkojo, ile sonda, ukakaa muda mrefu. Humpata mwenye kijiwe kwenye njia ya mkojo, aliyeumia kwa kuanguka akaangukia msamba, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Mwanamke anaweza kulipata bila ugonjwa wowote wa zinaa. Kazi ya familia ni kumfikisha mgonjwa hospitalini. Kesi ya nani alitoka nje haiponyi jipu, na wapo waliochelewa kwa sababu ya ugomvi huo.

DALILI ZA KUTOLALA NAZO NYUMBANI

Mkojo kugoma kabisa. Homa yenye kutetemeka. Uvimbe unaosambaa hadi kwenye korodani, mapaja au tumbo. Ngozi kugeuka nyeusi au kutoa harufu mbaya. Mgonjwa kuanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mwenye kisukari asingoje hata moja ya hizo. Uvimbe peke yake unatosha. Ngozi ikishageuka nyeusi, nyama inaoza kwa saa, si kwa siku, na mtu anaweza kufa. Tafuteni gari usiku huohuo, amsheni majirani, mkopeshane nauli.

MTOTO MWENYE UVIMBE SEHEMU HIYO

Hospitali, leo.

USILIGUSE

Usilikamue. Usilitoboe kwa sindano wala wembe, na usimruhusu mwingine akutoboe, hata awe amewahi kutoboa majipu ya watu mia. Jipu la mguuni na hili si ndugu. Hapa chini ya usaha kuna mrija wa mkojo, na ukikatwa, mkojo utatafuta njia yake katikati ya nyama. Wapo wanaoishi na matundu kwenye msamba, mkojo ukivuja humo kila wanapojisaidia. Wananuka, wanakwepa msikiti na kanisa, wanakwepa harusi. Usilipake majani yaliyopondwa wala dawa ya meno. Usilikande kwa maji ya moto ukingoja liive. Mkojo ukigoma, usinywe maji mengi ili usukume. Utaongeza maumivu tu.

HOSPITALINI WATAFANYA NINI

Jipu lililojaa halikaushwi na vidonge peke yake. Daktari wa upasuaji atalifungua ukiwa umepigwa ganzi au umelazwa usingizi, atalisafisha, na kidonda hakitashonwa palepale. Kitaachwa wazi kisafishwe kila siku. Utapewa dawa kwa mshipa. Mara nyingi mkojo hutolewa kwa mpira unaopitishwa tumboni, chini ya kitovu, ili njia iliyoumia ipumzike. Mpira huo huwatisha watu, lakini ndio unaokuokoa, na kwa wengi ni wa muda.

Kidonda kikipona kazi haijaisha. Utapigwa picha ya njia ya mkojo kuona kama imesinyaa, na ikisinyaa itahitaji kutengenezwa. Anayekimbia kabla ya hapo hurudi na jipu lingine palepale.

Anzia kituo cha afya cha mtaa wako, upewe karatasi ya kukutuma mbele. Ukiwa na zile dalili za kutolala nazo, usianzie kituoni. Nenda moja kwa moja penye wapasuaji, kama Prince Régent Charles au hospitali ya chuo kikuu Kamenge. Chukua kadi ya CAM au ya Mutuelle, na vidonge vyote ulivyomeza, hata kama unaona aibu kuvionyesha.

MWENYE MPIRA WA MKOJO NYUMBANI

Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Maji ya bomba yakikatika, bidoni moja iwekwe kando kwa kazi hii tu. Mpira na ngozi unapoingilia vioshwe kwa maji safi na sabuni kila siku. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa. Mpira ubandikwe pajani au tumboni usivutike, maana ukivuta unakwaruza mrija, na hapo ndipo jipu huanzia. Andikeni ukutani tarehe ya kuubadilisha: ule wa kawaida kila baada ya wiki 4 hivi, ule wa silikoni unaweza kufika 12. Mpira uliosahaulika miezi ni hatari sawa na kisonono kilichosahaulika.

BAADA YA KUPONA

Mkojo ukianza kuwa mwembamba, kukatikakatika, au kukulazimu kusukuma, rudi, hata kama ni miaka baadaye.

KWA KIJANA ALIYEANZA KUONA USAHA LEO

Usiende kwa muuzaji. Usimuulize rafiki yako alimeza nini. Kesho asubuhi kituo kikifunguliwa uwe pale, na mwenzako akiwa nawe.